Kuku Wanakimbia Banda Lao, na Dawa ya Minyoo Haikufua Dafu

SWALI

Assalaam aleikum wataalamu,

Nafuga kuku wa kienyeji uani kwetu Mtopanga, Mombasa: makoo kumi, jogoo mmoja, tembe na mapora saba, na vifaranga wa koo mmoja. Banda ni la boriti na fito, limeezekwa makuti, na upande mmoja limeegemea ukuta wa nyumba. Tangu joto la kaskazi lianze, kuku hawataki kuingia ndani magharibi. Nikiwasukuma wanaingia, nikigeuka wameshatoka na kupanda mwarobaini. Mayai yamepungua sana. Koo mwingine aliyekuwa analalia ameyaacha mayai kabla hayajaanguliwa, na vilemba vya kuku wengi vimepauka.

Vifaranga wana vidoadoa vyeusi vilivyoganda kuzunguka macho, havitoki hata nikifuta kwa kitambaa. Jogoo miguu imenenepa, magamba yamesimama na yana kitu cheupe kama unga. Kwenye kinyesi nimeona mnyoo mrefu mweupe, na kinyesi kingine kilikuwa na vitu kama punje za wali vinavyojinyonganyonga. Nilinunua pakiti ya dawa ya minyoo dukani nikaitia kwenye maji yao, sioni tofauti. Jirani ananiambia niwapake kuku mafuta ya taa na banda nilimwagie petroli. Watoto nao wanaamka wakijikuna. Dirisha lao liko upande huo huo wa banda.

Je, kuna dawa moja ya kumaliza yote haya? Na mayai tule au tutupe?

Mama Tembe, Mtopanga

JIBU

Waaleikum salaam, Mama Tembe.

Dawa moja hakuna. Uliyoyaeleza ni wadudu na minyoo wa aina tano hivi, na kila mmoja ana makao yake. Kuna wanaojificha bandani mchana na kumpanda kuku usiku tu, kuna wanaoishi mwilini mwake maisha yao yote, kuna wanaokulia mchangani, na kuna walio tumboni. Ukimtibu kuku kwa mdudu anayeishi kwenye boriti, umetibu mahali asipo. Ndiyo maana tutaanza na banda, sio na kuku. Kuku wanaopanda mti usiku ilhali banda lipo wana sababu, na sababu hiyo karibu kila mara ni utitiri mwekundu au papasi.

Kwanza petroli na mafuta ya taa: tafadhali usithubutu. Banda la makuti linaloegemea nyumba ya watu, ukilimwagia petroli, hata bila kuwasha, umeweka moto mlangoni mwa watoto. Mafuta ya taa nayo humuunguza kuku ngozi, hasa chini ya mbawa na nyuma ambako manyoya ni machache, na akijidonoa huyameza.

Sasa hakikisha adui ni nani. Subiri kiza kiingie kabisa, saa tatu usiku hivi, uende bandani na tochi na kitambaa cheupe au karatasi nyeupe. Pangusa chini ya fito wanazolalia na kwenye maungio ambapo fito inakutana na boriti. Kitambaa kikitoka na michirizi ya damu, huo ni utitiri mwekundu. Ni mdogo kuliko punje ya mchanga, wa kijivu akiwa na njaa na mwekundu akishashiba. Mchana hutamwona juu ya kuku hata umchambue unyoya kwa unyoya, na hapa ndipo wafugaji wengi hukosea: wanamkagua kuku saa nne asubuhi, wanamwona safi, wanahitimisha kuwa tatizo ni chakula. Wakati huo utitiri umelala kwenye ufa, na pembezoni mwa ufa kuna uchafu wa kijivu kama majivu yaliyochanganyika na pilipili manga. Ndio huo pia unaowawasha watoto wako. Binadamu humuuma lakini haukai mwilini mwake, kwa hiyo banda likisafika muwasho wa watoto utaisha wenyewe.

Papasi ni mkubwa zaidi, bapa, ngozi yake imekunjamana, rangi ya kijivu kuelekea buluu baada ya kunyonya. Tafuta nyuma ya maganda ya boriti na kati ya makuti na fito. Watoto wa papasi ndio wanaokaa juu ya kuku kwa siku kadhaa, wamejishikiza chini ya mbawa kama vijipu vyeusi. Ukimwona papasi usimdharau: ana uwezo wa kukaa zaidi ya mwaka bila kula, na hubeba ugonjwa wa homa ambao humfanya kuku aharishe kijani, alegee na kufa. Huo hutibiwa kwa antibiotiki anayotoa daktari wa mifugo, sio kwa dawa ya wadudu.

Kesho yake mchana sasa mkague kuku mwenyewe. Mlaze ubavu, fungua manyoya ya chini ya mkia kuzunguka tundu la kutolea kinyesi, kisha ya kifuani na chini ya mbawa. Chawa ni wa rangi ya majani makavu, milimita mbili tatu, na hukimbia mwanga mara tu unapofungua manyoya, kwa hiyo fungua haraka na uangalie mara moja. Mayai yao hugandamana kwenye shina la unyoya, karibu na ngozi, kama chembe za sukari zilizolowa. Ukikuta manyoya ya nyuma yamekuwa meusi, yamenata, na vidudu vidogo vinatambaa hadi mkononi mwako mchana mchana, huo ni utitiri wa aina nyingine, unaoishi juu ya kuku usiku na mchana na kuzaliana huko huko. Maeneo ya joto kama yetu huo ni wa kawaida, na mara nyingi huletwa na ndege wa porini. Angalia kama kuna viota vya shomoro kwenye makuti yako.

Vidoadoa vyeusi machoni mwa vifaranga ni viroboto wa kuku. Jike hung'ata na kubaki palepale kwa wiki kadhaa, ndiyo maana hatoki kwa kupangusa. Jogoo ana ukurutu wa miguu, unaosababishwa na utitiri usioonekana kwa macho unaochimba chini ya magamba.

Tuje kwenye kazi. Tenga siku nzima ya jua, uanze asubuhi. Jambo muhimu ni kwamba banda na kuku vitibiwe siku moja. Ukilisafisha banda leo na kuku ukawapaka poda wiki ijayo, watakuwa wamewarudisha wadudu ndani.

Watoe kuku wote. Toa maranda, majani ya viota na kinyesi chote, vitie kwenye magunia, na uvichome mbali na makuti au uvifukie. Usivirundike nyuma ya banda, utitiri utarudi kwa miguu. Fagia utando, kwangua fito, na zile boriti za mkoko ambazo bado zina gamba, zimenye gamba lote. Chini ya gamba ndipo palipojaa. Osha kwa maji ya sabuni na brashi ngumu. Kwenye maungio na misumari mimina maji yanayochemka. Liache likauke kabisa, kwa sababu dawa ikipigwa juu ya maji huzidi kuwa nyepesi na hutiririka.

Kisha piga dawa. Tafuta dukani dawa ya maji yenye pamethrini iliyoandikwa kuwa inafaa kwa mabanda ya kuku. Chupa ikiwa na nguvu ya asilimia 10, mililita 5 kwa lita moja ya maji hukupa mchanganyiko wa asilimia 0.05, ambacho ni kiwango cha kawaida. Lebo ya chupa yako ikisema tofauti, fuata lebo. Kinyunyizio cha mkono cha lita 2 kinatosha kwa banda la uani. Ingiza mdomo wa kinyunyizio ndani ya nyufa, maungio, chini ya fito na ndani ya viota mpaka dawa idondoke. Kupiga katikati ya ukuta ulio laini ni kupoteza dawa, hakuna anayeishi pale. Vaa glavu, funika pua na mdomo, kuku wasirudi mpaka pakauke. Na paka, ambao Mombasa hawakosekani uani kwa mtu, wafungie mbali siku hiyo: pamethrini huwaua. Samaki pia, kwa hiyo maji ya kuoshea kinyunyizio usiyamwage kwenye mtaro.

Makuti ni mtihani. Hayaoshiki, na dawa haipenyi mpaka katikati ya tabaka. Kama tochi ya usiku ilikuonyesha papasi huko juu, ushauri wetu ni kuyashusha yaliyo juu ya fito za kulalia na kuezeka sehemu hiyo mabati, ukiacha nafasi pana ya hewa chini yake ili kuku wasiokwe na joto. Gharama ipo, lakini kulipiga paa lenye papasi dawa kila mwezi ni gharama kubwa zaidi. Nyufa za ukuta wa mawe zizibe kwa saruji, kisha paka chokaa nzito: kilo moja ya chokaa iliyozimwa kwa lita 4 za maji, mara mbili. Chokaa ikiwa bado majimaji huunguza macho, kwa hiyo iache ikauke siku mbili kabla ya kuku kuingia.

Fito nazo zitenganishe na ukuta. Tengeneza kichanja cha kusimama chenyewe, mbali na ukuta kwa shubiri moja au zaidi, na kila mguu uusimamishe ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari. Hapo ndipo oili chafu ina kazi. Utitiri hauruki, lazima upite kwenye mguu wa kichanja, na kwenye kopo unaishia. Oili isimguse kuku.

Jioni hiyo hiyo, kabla hawajaingia, wapake kuku poda ya pamethrini ya asilimia 0.25. Kijiko kimoja cha chai kwa kuku mkubwa kinatosha. Njia rahisi ni kumtia kuku kwenye gunia, kichwa kikiwa nje, ukatia poda na kulitikisa taratibu ukisugua kwa nje ili ifike kwenye ngozi. Poda ikibaki juu ya manyoya haifanyi kitu. Zidisha chini ya mkia na chini ya mbawa. Vifaranga wadogo usiwatie kwenye gunia. Kwao ni kidole kilichochovywa kwenye poda, nyuma ya shingo na chini ya mkia tu.

Rudia. Hapa ndipo watu wengi hushindwa, halafu wakalaumu dawa. Dawa hizi haziui mayai. Mayai ya chawa huanguliwa ndani ya wiki moja hivi, na utitiri mwekundu kwenye joto letu hukamilisha kizazi kutoka yai hadi mkubwa kwa siku saba mpaka kumi. Basi banda lipige tena siku ya 7 na ya 14, kuku wapake tena siku ya 7 na ya 14, na siku ya 21 rudi na kitambaa chako cheupe usiku. Kikitoka na damu, endelea. Utitiri mwekundu unaweza kukaa miezi bila kunyonya, kwa hiyo kulihama banda wiki mbili tatu hakuumalizi.

Mtu atakuambia kuhusu diatomaiti, ule unga mweupe unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil. Unafanya kazi, kwa kuchubua nta ya ngozi ya mdudu hadi akauke, lakini sharti uwe mkavu. Kwa unyevu wa hewa ya Mombasa, baada ya siku chache umeshavuta maji na nguvu imepungua. Uutumie ndani ya nyufa zilizofichika, sio kumwaga sakafuni, na jikinge pua kwani unaumiza mapafu. Majivu ya kuni yaliyochanganywa nusu kwa nusu na mchanga mkavu ndani ya tairi kuukuu, chini ya kipaa kidogo, ni beseni zuri la kuku kujigaragaza, na hilo wafanyie kabisa. Linapunguza chawa, ila halitoshi kumaliza waliokwisha kuzaliana.

Viroboto wa machoni wapake mafuta ya mgando (ya kujipaka kama Vaseline, sio ya kupikia) kwa kijiti cha pamba, tabaka nene, ukijihadhari yasiingie jichoni. Wanakosa hewa. Kesho yake jaribu kuwatoa kwa kibano, mmoja mmoja. Usiwang'oe wakiwa hai, hubaki kidonda. Ukiwatoa wote leo na hujagusa mchanga, watakuwa wamerudi karibuni, kwani watoto wa kiroboto hukulia kwenye mchanga mkavu na vumbi chini ya banda. Kwangua mchanga wa juu kina cha vidole vinne, uutupe, upige dawa chini yake na kwenye kona zenye kivuli, urudie pamoja na ratiba ya banda. Mkague na mbwa au paka wa nyumbani masikioni, viroboto hawa huwashika nao. Dawa yao iwe ya wanyama hao, sio poda ya kuku. Kifaranga akishapauka kilemba na kusinzia, usisubiri: viroboto ishirini juu ya kichwa cha kifaranga ni damu nyingi kwake.

Jogoo mloweshe miguu kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kwa dakika kumi, sugua polepole kwa mswaki laini, kausha, kisha paka mchanganyiko wa sehemu moja ya unga wa salfa (sulphur) kwa sehemu tisa za mafuta ya nazi au mafuta ya mgando. Rudia kila baada ya siku tatu kwa wiki nne. Usibandue magamba kwa kucha. Miguu haitaonekana mizuri haraka hata utitiri ukifa, kwa kuwa magamba mapya huchukua miezi.

Tuje tumboni. Mnyoo mrefu mweupe ni mnyoo mviringo mkubwa, na zile punje za wali ni vipande vya tegu. Pakiti nyingi za bei nafuu za kutia kwenye maji ni piparazini, na piparazini hufukuza huyo mnyoo mviringo tu. Tegu haimgusi. Levamizoli inapanuka zaidi kwa minyoo mviringo wa aina nyingine, lakini nayo tegu haimuwezi. Soma kilichoandikwa kwa herufi ndogo kwenye ile pakiti yako, huenda ndilo jibu la kwa nini hukuona tofauti.

Kwa hali yako tungetumia albendazoli, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, kwa mdomo, kuku mmoja mmoja. Hapa hesabu ni muhimu kwa sababu dukani zipo chupa za nguvu tofauti. Ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 kwa mililita. Koo wa kilo moja na nusu anahitaji miligramu 30, yaani mililita 1.2. Ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita, na koo yule yule anahitaji mililita 0.3 tu. Anayemimina kwa mazoea ya chupa ya kwanza humpa kuku mara nne ya kipimo. Mpime kuku ndani ya mfuko kwa mizani ya kuning'iniza, tikisa chupa vizuri, na tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Pitisha dawa pembeni ya mdomo kidogo kidogo. Tundu la pumzi liko nyuma ya ulimi katikati, ukipiga kwa nguvu dawa itaingia mapafuni. Mama mjamzito asishike dawa hii.

Kuku waliopauka sana wape kwanza siku tatu nne za chakula kizuri, dagaa waliosagwa na mchicha, baada ya kuondoa wadudu wa nje, ndipo uwape dawa. Vifaranga walio chini ya wiki sita waache. Wakiharisha damu, hiyo huenda ni koksidia, ugonjwa wa vijidudu vya utumboni, sio minyoo, na dawa yake ni nyingine. Rudia dozi baada ya wiki tatu, kwani minyoo wachanga waliojichimbia kwenye ukuta wa utumbo huponyoka mara ya kwanza. Baada ya hapo kila miezi mitatu, na mojawapo iwe kabla ya mvua za masika, maana unyevu ndio unaoyaweka hai mayai ya minyoo ardhini. Tegu atarudi polepole hata ufanyeje, kwa kuwa kuku humpata kwa kula sisimizi, mbawakawa na nzi, na kuku wa uani hutamzuia. Kuondoa kinyesi kila wiki kutapunguza.

Kama itakulazimu kutumia dawa ya maji, wanyime maji kwa muda wa saa moja tu alfajiri, sio zaidi kwa joto hili, kisha weka kiasi watakachomaliza asubuhi hiyo, na uwaondolee vyanzo vingine, pamoja na kidimbwi cha bomba la uani. Kuku dhaifu ndiye anayekunywa kidogo, naye ndiye mwenye minyoo wengi, kwa hiyo njia hii humkosa aliyeihitaji.

Mayai: lebo ikitaja siku za kusubiri, hizo ndizo. Isipotaja kuku wa mayai, sisi tungehesabu siku 14 kuanzia dozi ya mwisho bila kula wala kuuza, na usiyatumie kulalisha. Poda nayo ina maelezo yake kwenye lebo; okota mayai kabla ya kupaka na uyaondoe viotani.

Ukichinja mmoja, pasua utumbo wake kwa urefu ndani ya beseni la maji kabla ya kuutupa. Utawaona minyoo mviringo kama tambi na tegu kama utepe uliong'ang'ania ukuta wa utumbo, na hapo utajua dawa imefanya nini. Kama hutaki kuchinja, au kuku wanaanza kufa, chukua kinyesi kibichi cha kuku watano kwenye mfuko safi, kiweke baridi bila kugandisha, kifike siku hiyo hiyo kwenye maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo pale Mariakani. Shingo zikianza kupinda na vifo vikafuatana siku mbili tatu, sahau utitiri na umwite daktari wa mifugo: hicho huenda ni kideri, na hakina dawa bali chanjo kwa wale wasiougua.

Na kuku utakayemnunua sokoni Kongowea baada ya kazi yote hii, asiingie bandani siku hiyo. Mtenge wiki mbili, mpake poda alipofika na tena siku ya 7, mpe albendazoli, mkague chini ya mkia na miguuni, kisha ndipo alale na wenzake.